Mama lishe wapelekwe palipo na walaji, na maji yatangulie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie mama lishe wetu wa hapa Dar, hawa akina mama wanaouza chakula barabarani bila maji wala mtaro na kila mara wanafukuzwa. Najua hili limeshaandikwa sana, kila wakihamishwa linaandikwa wiki mbili halafu linapoa, ila mimi nimetoka kuona kwa macho yangu mahali ambapo wenzetu walikuwa na shida hii hii wakaimaliza, na tangu nimerudi kila nikipita Buguruni au Mbagala Rangi Tatu roho inaniuma kwa sababu naona kabisa inawezekana.

Iko hivi. Nilikuwa narudi kutoka Australia kwenye mahafali ya mdogo wangu na ndege inapitia Singapore. Pale nina rafiki yangu tuliyesoma naye Tanga, anafanya kazi za meli, yeye na mkewe wako pale muda mrefu sasa na watoto wanasoma huko huko. Nilipomwambia napita akasema kaka haiwezekani ukae uwanja wa ndege masaa yote hayo uondoke bila kuwaona watoto, badilisha tiketi ushuke. Nikabadilisha nikashuka.

Watu wengi ukiwaambia ulikuwa Singapore wanataka picha za yale majengo matatu marefu yaliyobebeshwa meli juu, na yale maporomoko ya maji pale uwanja wa ndege wa Changi ndani ya jengo la Jewel, maji yanashuka mita 40 huku watu wamekaa pembeni na mabegi yao. Nimeviona, ni vizuri, sina cha kuongeza. Mimi kilichonishika ni mahali watu wa kawaida wanapokula.

Rafiki yangu anakaa Bedok, upande wa mashariki, kwa treni kutoka uwanja wa ndege sio mbali hata kidogo. Ni kwenye zile flati za serikali zinazoitwa HDB, shirika lao la nyumba lililoanzishwa 1960, na mpaka leo wenyeji wengi mno wa nchi ile wanaishi kwenye flati hizo. Tumeshuka kwenye treni mimi nina njaa kweli kweli, nikamuuliza shemeji ametupikia nini, akasema shemeji leo tunakula hapa hapa chini ndio twende nyumbani. Nikajua labda hoteli. Kumbe ukitoka stesheni unakutana na stendi ya mabasi, na ubavuni mwa stendi, hatua chache tu, kuna banda kubwa la wazi, lina paa, pangaboi zinazunguka, meza zimefungwa sakafuni kabisa, na vizimba vya chakula vimepangana mistari kwa mistari. Saa ile watu wanatoka kazini, wamejaa, mwenye tai na fundi mwenye viatu vya tope wanakula meza moja.

Banda zima kama hilo wenyewe wanaliita hawker centre. Nikasogea kwenye kizimba cha mama mmoja wa Kimalay anauza nasi lemak, yani wali wa nazi, na juu yake dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili ya kusaga. Mhariri mimi ni mtu wa Tanga, wali wa nazi na dagaa naujua. Bei ilikuwa dola nne na senti kidogo, dola yao moja ni karibu buku mbili ya kwetu, kwa hiyo kama elfu nane na kitu hivi, ambayo kwa mishahara ya kule ni chakula cha mtu wa chini kabisa.

Wakati nasubiri nikawa naangalia ndani ya kizimba chake. Ni padogo, watu wawili wakiingia wamejaa. Lakini kuna sinki la chuma na bomba lenye maji, ukuta wote una tailizi mpaka juu, jiko ni la gesi na juu yake kuna bomba la kunyonya moshi, na sakafu wameijenga ina mteremko kidogo kuelekea kwenye mfereji uliofunikwa kwa wavu wa chuma. Yule mama alimwaga maji ya kuoshea mwiko, yakateleza yenyewe mpaka kwenye wavu yakapotea, sakafu ikabaki safi na yeye hata hakugeuka kuangalia. Mbele kuna leseni yake, na karatasi yenye herufi ya kuonyesha usafi wake ni wa daraja gani, kila mteja anaiona kabla hajaagiza. Utaratibu huo wa kuwapa madaraja ya herufi waliuanza 1997.

Pale pale nikamkumbuka dada yangu. Dada yangu mkubwa anauza wali, ugali na supu Buguruni, na watoto wake wote wamesoma kwa sufuria zile. Anaamka saa kumi alfajiri. Maji ananunua kwa madumu. Vyombo anaoshea kwenye mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia, na ikifika saa saba mchana walaji wamesimama wanasubiri sahani lile beseni la kusuuzia limeshakuwa jeusi, na akitaka kubadilisha maji hana pa kuyamwaga zaidi ya mtaro wa barabarani, na maji ya mitaro ile mwisho wake ni mto Msimbazi. Anajua sio sawa, na ananiambia kila siku kwamba anajua. Ila akuulize wewe amwage wapi, utamjibu nini?

Kuna kipindi walihamishwa pale. Sitaji nani kahamisha kwa sababu sitaki barua hii iwe ya kumsema mtu. Walipelekwa eneo wakaambiwa hapa ndio penu, dada akaenda siku ya kwanza na sufuria lake la wali kamili akarudi nalo zaidi ya nusu. Hakuna kituo cha daladala karibu, ofisi hamna, gereji hamna, hata bodaboda hawapiti, choo ilikuwa ni cha msikiti wa jirani na maji bado ni ya dumu na sasa muuza maji anatoka mbali kwa hiyo dumu limepanda bei. Akavumilia, mtaji ukakata, akarudi barabarani kwa kujiibia. Tangu hapo akiona gari la mgambo tu anaanza kukusanya vyombo, na ni mama mtu mzima mwenye wajukuu.

Sasa tukirudi Bedok, nikamwambia rafiki yangu hawa wenzetu wana bahati, wamezaliwa wakakuta mambo yamenyooka. Akasema hapana kaka, hawa walikuwa barabarani vile vile. Na ni kweli. Singapore ya miaka ya 1950 na 1960 wauza vyakula walikuwa wamejaa barabarani na vichochoroni, wanasukuma mikokoteni, wanabeba vikapu begani kwa mti, hawana maji, wanasuuza mabakuli kwenye ndoo, mabaki wanamwaga mitaroni, na mitaro inaingia mto wa Singapore ambao ulikuwa unanuka, na magonjwa ya tumbo yalikuwepo, taifodi na kipindupindu. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilishaunda tume ya kuchunguza suala hilo tangu 1950. Polisi wakawa wanawafukuza, wanarudi, wanafukuzwa, wanarudi. Hadithi hiyo kuna msomaji wako wa Kariakoo haijui?

Walichofanya baada ya uhuru ni hiki. Kwanza waliwahesabu na kuwaandikisha. Kazi hiyo ilifanyika 1968 na 1969, wakapata wauzaji wa barabarani kama 18,000, kila mmoja akapewa leseni, yani serikali ikawa inajua ni nani, anauza nini na anauzia wapi. Wakati majengo hayajawa tayari wakawasogeza kwa muda kwenye barabara za pembeni, vichochoro vya nyuma na maegesho ya magari, maeneo yale yale ambayo wateja wao wapo. Ndipo ujenzi ukaanza 1971. Na hawakumaliza kwa mwaka mmoja wala miwili, iliwachukua mpaka 1986 ndio wa mwisho akatoka barabarani. Miaka 15, Mhariri! Katikati ya hapo, 1977, Waziri Mkuu wao Lee Kuan Yew akatoa agizo mto usafishwe ndani ya miaka 10, na mwaka 1987 ukawa umesafishwa, na moja ya sababu ulisafishika ni kwamba wale wauza chakula waliokuwa wanamwaga mtoni walikuwa wameshapewa mahali penye mfereji wa kweli.

Naomba hapo pasomwe taratibu. Mto ulisafishika, pamoja na sababu nyingine, kwa sababu muuza chakula alipewa bomba na mfereji. Sisi tunataka Msimbazi usafike, tunataka kipindupindu kisirudi, wote tunakumbuka 2015 kilivyoanzia hapa hapa Dar mwezi wa nane kikasambaa nchini, na chakula cha barabarani kikapigwa marufuku huku yule anayekiuza na yule anayekila wote wakiwa hawana pengine pa kwenda. Marufuku haileti maji. Kuli wa Kariakoo, konda na fundi gereji watakula mchana iwe mvua iwe jua, na watakula kwa mama lishe kwa sababu sahani ya hotelini hawaiwezi, kwa hiyo suala la usafi wa mama lishe ni suala la afya ya jiji zima.

Kitu kingine nilichokiona, na hiki ndio kilinipa mawazo kuliko hata majengo yenyewe, ni mahali walipoyaweka mabanda hayo. Bedok lipo stendi. Kesho yake rafiki yangu akanipeleka Tekka, mtaa wa Wahindi wanaouita Little India, ukipanda ngazi kutoka chini ya ardhi kwenye treni hujatembea hata dakika tano umefika, soko la samaki, nyama na mboga liko hapo hapo na vizimba vya chakula hapo hapo, na biriani ya mbuzi ya Wahindi Waislamu wa pale ukila unaweza kusema uko Kisutu. Ukienda katikati ya jiji kwenye maofisa wa benki kuna Maxwell, kuna Lau Pa Sat. Kwenye mitaa ya flati ukishuka na lifti tu banda lipo. Sasa hivi wana mabanda ya namna hiyo zaidi ya 110 nchi nzima na nchi yenyewe ina kilomita za mraba kama 730 tu. Yani hakuna mahali walipomwambia muuza chakula nenda kule porini wateja watakufuata. Walimjengea pale pale miguu ya watu inapopita.

Kwetu sisi mara nyingi tunaangalia kwanza wapi kuna kiwanja kitupu. Kiwanja kitupu mjini kiko kitupu kwa sababu hapapiti watu. Ule mjengo wa ghorofa wa machinga pale Karume tuliujenga kwa nia njema kabisa na kwa hela nyingi, lakini wafanyabiashara walilalamika toka mwanzo kwamba mteja wa soksi na sahani ya wali hapandi ghorofa ya nne, na sehemu kubwa ikakaa miaka bila watu. Oktoba 2021 tukahamisha machinga mji mzima, barabara zikapumua, watembea kwa miguu tukafurahi na mimi nilifurahi kwa sababu pale Mnazi Mmoja palikuwa hapapitiki. Lakini baada ya muda wengi wakarudi, na watarudi tena, na sio kwamba ni wakaidi, ni kwamba tumbo liko barabarani.

Kuna mtu atasema Singapore ni matajiri usitulinganishe. Nilishamsikia jirani yangu hapa Tabata akisema hivyo hivyo. Lakini wakati wanaanza kuandikisha wauzaji wao, 1968, walikuwa na miaka mitatu tu tangu wawe nchi peke yao, Agosti 1965, hawana mafuta wala madini, hata maji ya kunywa wananunua Malaysia. Na atakayesema wao ni wachache naye aangalie sensa yetu ya 2022, mkoa wa Dar tulikuwa watu 5,383,728, wao nchi nzima ni kama milioni sita, na eneo letu sisi ni karibu mara mbili ya lao. Joto ni lile lile, mvua ni zile zile tena wao zinawapiga karibu mwaka mzima, jasho lilinitoka pale nikajiona niko Posta mwezi wa pili. Kwa hiyo tofauti iliyobaki ni mipango na uvumilivu wa kuikamilisha.

Tuna vya kuanzia. Mikopo ile ya asilimia 10 ya halmashauri ipo kwa ajili ya akina mama, vijana na wenye ulemavu, ila unampa mama lishe mkopo halafu hana mahali pa kudumu pa kuufanyia kazi, kesho mgambo wakibeba sufuria mkopo umekwenda nao. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia ulizinduliwa 2024 na unataka ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wameachana na kuni na mkaa. Vizuri sana. Lakini mama lishe anapikia jua kali, upepo unavuma, jiko la gesi litazimika kila dakika na mtungi hana pa kuulaza usiku, lazima atarudi kwenye mkaa. Mpe kizimba chenye ukuta na paa uone kama hatatumia gesi. Dodoma wenzetu wamejenga soko la wazi la machinga, la chini sio la ghorofa, na sisi tunaweza kwenda kujifunza huko huko bila hata kupanda ndege ya mbali.

Lakini kwa maoni yangu pa kuanzia hasa ni kwenye mabasi ya mwendokasi. Tumejenga vituo vikubwa, Kimara Mwisho, Gerezani, Kivukoni, njia ya Mbagala, na tunaendelea na nyingine. Pale ndipo watu wanashuka na njaa. Kila kituo cha mwisho kikichorwa, kwenye mchoro huo huo kiwekwe banda la chakula la chini, la wazi, lenye bomba kila kizimba, mfereji uliofunikwa, chombo cha kukamata mafuta yasizibe bomba, choo, na meza za wote. Hizi meza za wote nataka nizisemee kidogo kwa sababu ni akili ndogo yenye faida kubwa. Kule meza hazina mwenyewe, unanunua wali kwa huyu na chai kwa yule unakaa popote, ukimaliza unarudisha sinia lako kwenye rafu, na toka 2021 ni sheria, usiporudisha unaonywa na ukirudia unapigwa faini. Tena sisi Waislamu tumewekewa rafu yetu ya vyombo vya halali na wengine yao, hakuna kuchanganya. Kwa dada yangu nusu ya eneo lake ni mabenchi yake, mabenchi yale ndio yanayoziba njia ya waenda kwa miguu, na mabenchi yale ndio mgambo wanayapakia kwenye gari. Ukiondoa mabenchi mama lishe mwenyewe anahitaji nafasi ndogo sana.

Na hapa naomba wahusika waniwie radhi, lakini lazima niseme. Hata tukijenga vizuri namna gani, vizimba vikigawiwa kwa watu ambao sio mama lishe tumerudi sifuri. Tunajua sote inavyokuwaga. Soko linajengwa, majina yanaandikwa, mwisho wa siku mama lishe anakwenda kukipangisha kizimba kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kushika mwiko, mtu ana vizimba vitano vya majina matano na yeye yuko nyumbani anasubiri hela ya mwezi, na ile kodi ya juu mama lishe anairudisha kwa kupunguza nyama kwenye sahani, au anashindwa anaondoka. Singapore nao hilo liliwatesa, wakaja kukataza kwa vizimba vipya, sharti ni mwenye leseni awe pale mwenyewe anapika, kukipangisha kwa mtu mwingine huruhusiwi. Na wale wa mwanzo waliohamishwa kutoka barabarani walipewa kodi ya chini sana ambayo wengine wameendelea nayo mpaka uzeeni. Hii ndio heshima, unamtoa mtu barabarani kwa sababu ya faida ya jiji zima, basi jiji zima lichangie kodi yake.

Sisemi kule kila kitu ni asali. Shemeji aliniambia bei zinapanda na watu wanalalamika, na wauzaji wengi ni wazee, umri wao wengi unacheza kwenye 60, watoto wao wamesoma hawataki kusimama jikoni kwenye joto toka alfajiri, kwa hiyo wanaumiza kichwa nani atapika kesho. Yule mama wa wali wa nazi alimwambia rafiki yangu, na yeye akanitafsiria, kwamba mama yake ndiye aliyeanza, alikuwa anauza kwa kikapu pembeni ya barabara, na siku walipoambiwa wahame alilia siku nzima akijua ndio mwisho wa riziki yake. Yeye ameirithi kazi kwa mama, ila binti yake ni nesi na hatarudi pale. Nilimwambia rafiki yangu amfikishie kwamba chakula chake kimenikumbusha kwetu, akafurahi akaniongezea dagaa.

Na Desemba 2020 UNESCO waliuingiza utamaduni wao huo wa kula pamoja kwenye vizimba katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wali, tambi, chai ya maziwa, meza za wote, basi. Vitu vya barabarani ambavyo 1960 vilikuwa vinafukuzwa na polisi. Mimi naamini kwa moyo wangu wote supu ya Buguruni, wali maharage wa Tandika, mihogo ya Coco Beach na pweza wa jioni ni vitu vya kujivunia, ni chakula cha jiji hili, ndicho kimelisha kila aliyekuja Dar na begi moja kutafuta maisha. Kinachotia doa ni maji na mtaro tu, na maji na mtaro sio kazi ya mama lishe, ni kazi ya jiji.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri zetu zote tano za mkoa huu ni kwamba mwaka wa bajeti unaokuja zisitangaze kuhamisha mama lishe kabla hazijawahesabu na kuwaandikisha pale pale walipo, na kila moja ichague kituo kimoja tu chenye watu wengi ijenge banda moja la mfano. Moja tu kila halmashauri. Likifanya kazi, la pili litadaiwa na wananchi wenyewe.

Na kwako Mhariri, naomba umtume mwandishi wako na mpiga picha waje Buguruni. Nitawapeleka mwenyewe kwa dada yangu, ameshakubali. Waje kuanzia saa saba mchana wakati walaji wapo, wamuulize maji anayapata wapi na anayamwaga wapi, na amelipa ushuru kiasi gani kwa miaka yote hiyo, halafu waende na majibu hayo ofisini wakaulize huko.

Ni mimi msomaji wako wa kila siku,
Tabata, Dar es Salaam